Aliyemkata Mume Wangu Ndiye Ametakiwa Kumchimbia Kaburi

(Mwenye kisa hiki tumemficha jina. Wasomaji, msomeni mpaka mwisho ndipo mseme naye.)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie rika langu hamjambo. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Mzaramo, naishi upande wa Tabata na mume wangu na watoto wetu wawili. Mkiona mwandiko unakwenda ovyo mniwie radhi. Nina hasira za kuzaliwa nazo, sifichi.

Mume wangu alikuwa mpiga dawa kwenye shamba la mahindi la Mzungu mmoja. Dawa yenyewe ni ya magugu: inaua kila chenye jani pana, mahindi haiyadhuru. Kazi ile aliipenda kama nini! Upepo ukivuma hapigi. Hufunga kitambaa puani, dawa huipima wala hakisii, na akimaliza huliosha lile bomba la mgongoni la kupigia dawa kwa sabuni tena na tena, maji yake akayamwaga mbali na kisima. Jumamosi moja bwana wake akamruhusu aje na bomba na dawa kidogo apige mahindi yetu. Alipiga asubuhi upepo umetulia, kunde zangu ziko mbali kule. Akamwaga mabaki, akalifudikiza bomba uani lichuruzike, akawahi sala ya adhuhuri msikitini. Alisema moyoni mwake atakuja kuliosha akirudi, lakini mie hakuniambia.

Nikawa natwanga mpunga na majirani zangu wawili. Akaingia mtani wetu, Mnyamwezi, shamba lake limepakana na letu. Kwa msiojua, sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Tunatukanana, tunanyang'anyana hata kitoweo jikoni, na kukasirika ni mwiko. Akalibeba bomba mgongoni bila kuuliza, anataka kunyunyizia nyanya zake maji ya tumbaku aue wadudu.

"Weka chini, mwizi mkubwa we!" nikamwambia.

"Mali ya mtani haiombwi, we Mzaramo. Twanga tu huko."

"Haya nenda! Na nyanya zako zife zote, tupumue na majivuno yako!"

Tukacheka sote mpaka machozi. Wallahi nilidhani bomba limeshaoshwa, si lilikuwa limefudikizwa? Baadaye akalirudisha palepale. Mume wangu alipotoka msikitini alasiri akaliosha kwa sabuni vizuri, asijue kama lilikwenda mahali. Nami sikumwambia kitu, maana mtani kuchukua kitu kwako si habari ya kumpa mtu.

Hazikupita siku nyingi nyanya zikaanza kujisokota. Majani yakajikunja, mashina yakapinda kama nguo iliyokamuliwa. Shamba zima! Mtani alikuwa amefiwa na mkewe, zile nyanya ndizo zilizokuwa zikimlisha yeye na wanawe. Maneno yakaanza kisimani. "Si alizitamkia zife? Zimekufa. Mwanamke yule ana lake." Hao wanaosema ndio waliocheka nami kwenye kinu, jamani! Wanadamu hawana wema.

Akaja mchana wa jua kali, mie niko kinuni natwanga, yeye panga mkononi, macho mekundu. "Mchawi yuko wapi?" Mume wangu akatoka ndani kanyoosha mikono. "Mtani, tulia, kwani kuna nini?" Hakumaliza. Panga nilikusudiwa mie, lilikuja kwangu, yeye akalikinga kwa mkono. Vidole viwili vikaanguka mchangani, na kiganja kikapasuka mpaka kifundoni. Damu iliruka mpaka kwenye mchele wangu.

Nilishika mchi. Nikamshukia nao begani, nikasikia mfupa ukilia ko! Akaanguka, panga likamtoka. Nikampiga tena yu chini, mbavuni, mgongoni, natukana matusi ambayo si ya utani. Ilibidi wanaume watatu wanishike ndipo nikaacha, na mmoja wao nilimng'ata.

Wazee wakaja mbio. Wakasema watani hawapelekani bomani kushtakiana, haijapata kutokea, tutajiletea laana. Mume wangu naye, damu inamwagika, akawaunga mkono. Hospitali akasema alijikata akifyeka. Akiwa kitandani akauliza habari za nyanya, na nilipomweleza zilivyojisokota, na kwamba mtani alilichukua bomba Jumamosi ile, akafumba macho. "Ni ile dawa. Alilichukua bomba kabla sijaliosha." Mtani alipoambiwa alianguka chini akalia kama mtoto. Mie nilimtemea mate.

Kidonda kimeoza. Mkono umevimba mpaka begani, tumemrudisha nyumbani, na waliomtibu hawakutuahidi kitu. Mtani anashinda mlangoni kwangu, bega limefungwa kitambaa, chakula hagusi. Juzi mume wangu akaniita. "Mke wangu, nikifa, kaburi achimbe mtani. Na matangani aje anitukane kama desturi ya watani misibani, asizuiwe na mtu. Nisipofanyiwa hivyo nitakuwa nimekufa na chuki, nami sina chuki naye."

Mnasikia hayo? Yeye hana chuki. Mie ninayo ya watu kumi! Mtani kusikia hivyo amekwenda kuleta jembe lake, ameliegemeza ukutani kwangu, na kila nikilipita nataka kulishika nimpasue nalo kichwa. Wazee wanasema usia wa maiti haukanyagwi. Najua. Lakini mkono ule ule uliomkata ndio umfukie? Nasimamaje pale nikisikiliza watu wanacheka utani wake? Ninajijua. Nitamwua mbele ya jeneza, na wanangu watabaki hawana baba wala mama.

Nikimfukuza, nimemdhulumu mume wangu. Nikimwacha achimbe, sijiamini na hii mikono yangu. Nifanyeje, ndugu zangu? Nambieni hata kwa ukali, nitavumilia. Gazeti mnalitoa Ijumaa. Sijui kama mume wangu atafika Ijumaa.