Sauti Niliyoiacha Hospitalini

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana sauti yangu haifiki mbali. Nitakueleza jinsi nilivyougua rovu, jinsi nilivyokataa kutibiwa, na jinsi nilivyopona nikawa mtu ambaye sikutaka kuwa. Nitakwenda polepole, usiachwe nyuma.

Mimi ni mkulima wa migomba na mama wa mtoto mmoja, Aika. Nyumba yetu iko juu mlimani, katika kihamba, shamba la ukoo, ambacho mume wangu alirithi kwa baba yake. Miaka ile ninayosimulia, mambo mengi yalikuwa yanabadilika. Bei ya kahawa ilianguka, wanaume wakaanza kung'oa mibuni waliyopandiwa na babu zao. Vijana walishuka Pasua, mtaa wa Moshi mjini, kuuza mitumba. Madukani kulijaa vitu tusivyovijua. Mimi sikujali sana, kwa sababu nilikuwa na kitu changu kimoja ambacho hakikuguswa. Nilikuwa mwanzishaji wa kwaya.

Pengine hujui kazi ya mwanzishaji. Kwaya yetu ya Kilutheri haikuwa na kinanda. Mwalimu wa kwaya alinyoosha mkono, watu wote wakanyamaza, nami peke yangu nikatoa noti ya kwanza. Nikipandisha mno, soprano wanapasuka koo. Nikishusha mno, besi wanazama. Nikipatia, kila mtu anaingia mahali pake kama ng'ombe anayejua zizi lake. Msibani, Krismasi, siku ya mavuno, ilitangulia sauti yangu. Wengi hawakunijua hata jina. Walisema tu, yule mama mwenye sauti.

Na nilikuwa na rovu. Rovu ni uvimbe wa tezi iliyo mbele ya shingo. Tezi hiyo inahitaji madini joto ili ifanye kazi, na udongo wa kwetu mlimani hauna ya kutosha kwa sababu mvua imeyaosha. Tezi ikiyakosa, inajitanua ikiyatafuta. Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba bibi alikuwa nalo, mama alikuwa nalo, na wanawake wengi kanisani walikuwa nalo. Tulivaa shanga juu yake. Kitu walicho nacho wote hakiitwi ugonjwa.

Tena katika kwaya yetu ilisemwa kwamba rovu ndilo ghala la sauti. Ndekusia, soprano mwenzangu aliyesimama kushoto kwangu, alipenda kunitania. Alisema wengine Mungu amewapa koo, mimi amenipa koo na spika yake. Tulicheka, na moyoni niliamini kidogo.

Ilianza kwa kukohoa nikilala chali. Kisha nikawa nakoroma nikiwa macho. Nikipanda kutoka sokoni na mzigo kichwani, pumzi yangu ilipiga mluzi mpaka watoto njiani waligeuka wakidhani nawaita. Nyama niliitafuna ikawa kama pamba, na bado ilikwama. Mwishowe nililala nimekaa, mgongo ukutani. Mume wangu, Baba Aika, alisema ni pumu, kama ya marehemu mama yangu. Mama alikufa akitafuta hewa, mkono shingoni, nasi tukamchemshia majani ya pumu mpaka mwisho.

Siku niliyozidiwa tulikuwa msibani kwa jirani. Mwalimu alinyoosha mkono. Nikavuta pumzi, haikuja. Nikavuta tena, nikasikia mluzi tu, halafu macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa juu ya majani makavu ya migomba, na kwaya ilikuwa inaimba. Ndekusia alikuwa ameanzisha. Nakwambia kweli, hilo liliniuma kuliko kifua.

Katika hospitali kubwa mjini Moshi walinipiga picha ya eksirei. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Aliniamkia shikamoo kabla hajanigusa shingo. Akatuonyesha kwenye picha bomba la hewa. Lilitakiwa lishuke wima, lakini lilikuwa limesukumwa pembeni na kubanwa, kama mpira wa kumwagilia ulioangukiwa na jiwe. Sehemu ya rovu ilikuwa imeteremka hadi ndani ya kifua, ambako jicho halifiki. Akasema hii si pumu. Baba Aika akaniangalia, na sote wawili tukamkumbuka mama yangu.

Daktari alieleza kwamba rovu lazima litolewe kwa upasuaji, na kwamba nyuma ya tezi hupita mishipa miwili myembamba kama uzi, ndiyo inayoendesha sauti. Angejitahidi kuikwepa, lakini kwa rovu kubwa kama langu mmoja ungeweza kuumia. Nikamuuliza kama anaweza kuniahidi sauti yangu.

"Siwezi, mama," alisema. "Ninachoweza kukuahidi ni kwamba sitakuwa na haraka."

Nikajifunga kanga yangu, nikarudi nyumbani.

Mvua za masika zilikuja zikaisha, mimi naomba. Sala yangu ilikuwa moja tu: Bwana, niondolee rovu, uniachie sauti. Niliiona ni imani kubwa. Mama mkwe wangu alikuwa akinisikia kupitia ukuta wa mbao. Asubuhi moja, tukimkatia ng'ombe majani, aliniuliza bila kuinua uso.

"Mama Aika, unamwomba Ruwa au unamtuma?"

Ruwa ndiye Mungu kwa Kichagga. Swali lile lilinifuata siku nzima. Nilimtazama Aika akirudi kutoka shuleni, nikajiona mimi nilipokuwa msichana, nimesimama kando ya kitanda cha mama na kikombe cha majani ya pumu. Jioni nikamwambia Baba Aika tushuke hospitali. Nilichomwa sindano ya usingizi nikiwa naomba, na safari hii sikumpangia Mungu kazi.

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichokijua ni hewa. Iliingia yenyewe, baridi, mpaka chini kabisa. Nililia kwa furaha, na hapo ndipo nikagundua kwamba kilio changu hakina sauti.

Mpira mwembamba ulitoka shingoni kwangu ukipeleka damu kwenye chupa. Kesho yake midomo ilikufa ganzi na vidole vikajikunja kama makucha ya kuku. Nesi alinichoma dawa ya kalsiamu, iliyokuwa imenipungua mwilini, kwenye mshipa, taratibu, mpaka vikafunguka. Maji yalinipalia, nikafundishwa kuinamisha kidevu kabla ya kumeza. Nikapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi maisha yangu yote, vifanye kazi ya tezi iliyoondolewa. Daktari alikaa kitandani kwangu akanieleza kwamba mshipa mmoja wa sauti ulikuwa umeshikamana na rovu, ukaumia wakati wa kulitoa. Hakuzungusha maneno.

Nilikaa kwa dada yangu mtaa wa Soweto, hapohapo Moshi, mpaka kidonda kikakauka, kisha nikapanda nyumbani. Mama mkwe alinipikia mtori, supu ya ndizi na nyama, kama mzazi aliyetoka kujifungua. Sauti iliyorudi haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na iliishia mlangoni. Nilimwita Aika kwa kupiga makofi. Krismasi ilipofika, watu wakapanda kutoka Dar es Salaam na Nairobi, kanisa likajaa, nami nikajifanya nina homa. Nikiwa migombani niliisikia kwaya. Ndekusia alianzisha vizuri. Nilitamani akosee.

Mchungaji alipokuja kuniona, nilimnong'oneza kwamba sioni Mungu ameniokoa ili iweje. Aliweka kikombe chake cha chai mezani.

"Sijui, Mama Aika," alisema. "Ila naona umemwekea msiba yule mama mwenye sauti. Ni haki yako. Lakini kila msiba una siku ya kuanua matanga. Wewe utaanua lini?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mazoezini. Ndekusia aliponiona alianza kusogea aniachie nafasi. Nikamzuia kwa mkono, nikapita hadi mstari wa nyuma kwa wanaume, kwa sababu nilikuwa nimejaribu nyumbani nikaona noti za chini ndizo zinazonitii. Mzee Eliamani, besi wa miaka mingi, alikitazama kichwa changu.

"Tangu lini besi inavaa kilemba?"

"Mpisheni," Ndekusia akajibu kutoka mbele. "Labda atawafundisha kuingia kwa wakati, wachelewaji ninyi."

Wakacheka, wakanipisha. Mwalimu akanyoosha mkono, Ndekusia akaanzisha, nami nikangoja zamu yangu kama watu wengine. Noti yangu ilitoka dhaifu. Ilikuwa ndani ya wimbo.

Sitakwambia kwamba tangu siku ile ni furaha tupu. Miaka imepita, na ziko Jumapili naimba huku nameza machozi, maana ile sauti haitarudi. Imani yangu ilikuwa hodari wa kushikilia. Kuachia ilijifunza kwa shida, na bado inajifunza. Lakini nimemwona Aika akivaa joho la kipaimara, na nilipumua siku hiyo yote bila kuhesabu pumzi. Namshukuru Mungu kwa hilo. Namshukuru daktari, na mama mkwe aliyeniuliza swali.

Nawe usifike nilikofika. Nunua chumvi ya pakiti yenye madini joto, uache ile ya mawe inayopimwa kwa kopo. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na joto la jiko, uitie chakula kinapokaribia kuiva. Chumvi hukinga tu. Rovu lililokwisha kuwa kubwa hailiondoi. Kwa hiyo kesho asubuhi simama mbele ya kioo, inua kidevu, umeze funda la maji huku ukiangalia shingo yako. Ukiona uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na lile funda, mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako, mwende naye hospitali wiki hiyohiyo.