Kutoka Granada, Kwenda na Kurudi

Katika nyumba niliyofanyia kazi Riyadh, kuazimwa kwa mfanyakazi lilikuwa jambo la kawaida, kama majirani wanavyoazimana sufuria. Madam alikuwa na dada kadhaa upande wa mashariki wa jiji, katika mitaa iliyopewa majina ya miji ya Andalusia: Gharnata, Qurtuba, Ishbilia. Mmoja wao alipokuwa na karamu, madam alinitazama, akasema yalla, yaani haya twende, nami nikapakiwa garini pamoja na masinia. Nilishinda huko nikiosha vyombo vya watu nisiowajua, na jioni nikarudishwa. Chuo kikuu nilisoma historia, na nilizijua habari za Qurtuba ile ya kale, misikiti yake na maktaba zake. Sasa Qurtuba kwangu lilikuwa jiko refu lisilo na dirisha, na mfereji uliodondosha maji mchana kutwa.

Tulikuwa wawili katika nyumba hiyo. Mwenzangu alitoka Kitale, Mkristo, mdogo wangu kwa miaka mingi, lakini alinitangulia kufika, kwa hiyo ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniita Mwalimu, mwanzoni kwa kejeli na baadaye kwa mazoea, ingawa sikuwahi kupata ajira ya kufundisha popote. Kukosa ajira hiyo ndiko kulikonifikisha Saudia katika umri ambao wenzangu wa pwani wanaozesha watoto wao.

Kitu kimoja tu kilimtisha mwenzangu, nacho ni Jeddah. Dada mkubwa wa madam aliishi huko, mtaa wa Baghdadiyah, na aliyeazimwa Jeddah hakurudishwa jioni. Mwenzangu aliwahi kupelekwa Ramadhani moja, kabla mimi sijafika. Alirudi na kovu la moto kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Nilipomuuliza alisema ilikuwa ajali, kwa sauti iliyoniomba nisiulize tena. Kila simu kutoka Jeddah ilipolia sebuleni, aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kusimama kwenye chumba cha kufulia mpaka mazungumzo yaishe.

Mwaka ule joto lilipokaribia, madam na mumewe, ambaye sote tulimwita baba, waliamua kwenda Hispania pamoja na watoto. Wangekaa Granada, Gharnata ile ya asili, na kutoka hapo watembelee miji ya jirani, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Madam hakupenda kusoma mambo marefu kwenye simu. Alijua kwamba ninasoma Kiingereza, basi kazi ya kupanga safari hizo akanipa mimi.

Niliifanya kila alasiri, baada ya vyombo vya mchana, nikiwa nimeketi sakafuni jikoni. Nilipanga siku ya kwenda Cordoba, Qurtuba ile ya vitabuni, nikaandika watoke mapema kabla jua halijakuwa kali. Nilipanga Nerja na mapango yake, vijiji vyeupe vya milimani, na Ronda, mji uliokaa juu ya korongo lenye kina cha kutisha, pande mbili zikiunganishwa kwa daraja la mawe. Nilitafuta mahali pa chakula cha halali, mahali pa kuswali, mahali ambapo watoto wangeweza kukimbia bila kuanguka. Sitadanganya: nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nihitimu, mtu alikuwa akitegemea elimu yangu. Kisha madam akatangaza kwamba nami nitakwenda, kwa kuwa mtoto mdogo hakukubali kulala ila kwangu, na furaha ile ikabadilika ikawa kitu kingine.

Mwenzangu alikuwa wa kwanza kukitaja. Alikuwa akikunja mashuka.

"Mwalimu, ukifika huko, si unapotea tu? Manze, ukirudi hapa nitakucheka mpaka nizimie."

Nilimwambia anyamaze, naye akaendelea kunitania, akiniuliza kama Wahispania wanakula ugali na kama nitamwalika harusini. Kwa siku kadhaa ukawa ndio mchezo wetu.

Mchezo uliisha madam alipopata habari kwamba mfanyakazi wa rafiki yake alitoroka huko huko Hispania mwaka uliotangulia. Alikuja jikoni tukiwa wote wawili. Alisema nasi kwa lugha ile ya nyumbani, Kiarabu kilichokatwakatwa ambacho kila mfanyakazi hukijua baada ya mwezi, ambamo mafi ni hapana na halas ni basi. Alinielekezea kidole mimi, kisha mwenzangu.

"Wewe rudi, yeye Riyadh. Wewe mafi rudi, yeye Jeddah. Halas."

Hakupandisha sauti. Alichukua chupa ya maji kwenye friji akatoka. Mwenzangu aliendelea kukata vitunguu. Tangu hapo hakunitania tena kuhusu Hispania, na kati yetu kila neno lingekuwa ama ahadi ama kwaheri. Asubuhi ya safari ndiye aliyeninyooshea nguo zangu, kazi ambayo hakuwahi kuifanya.

"Utarudi?" aliuliza, macho yake yakiwa kwenye nguo.

"Nitarudi."

"Sijasema uahidi. Nimeuliza tu."

Granada niliiona kupitia dirisha la jiko la nyumba ya kupanga, juu kwenye kilima chenye vichochoro vya mawe. Familia ilipokwenda kutazama majumba ya wafalme wa kale mimi nilibaki nikipika, kwa kuwa tiketi yangu haikununuliwa. Safari za nje ya mji ndizo nilizokwenda, kwa sababu ndani ya gari kulikuwa na nafasi na mtoto alihitaji mtu.

Nyingi nazikumbuka kwa vipande. Cordoba nilisimama ndani ya msikiti wa kale uliogeuzwa kanisa, kati ya nguzo nyingi zenye matao mekundu na meupe, nikisukuma kigari cha mtoto mbele na nyuma ili asiamke. Niliyatambua yote. Nilijua nguzo zipi zilitangulia na kwa nini matao yalijengwa mawili mawili, moja juu ya jingine, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Baba alimwuliza madam jengo lina umri gani. Madam akasema ni la zamani sana. Nerja mtoto wa kati alitapika ndani ya gari, na sehemu kubwa ya pango lile sikuiona. Milimani tulipita kijiji ambamo mwanamke wa makamo aliketi mlangoni kwake akimenya viazi. Mikono yake ilikuwa kama yangu. Alinitazama muda mrefu nikiwa nyuma ya ile familia, nimebeba vitu vyao, na mimi ndiye niliyekwepesha macho.

Dereva tuliyekodishiwa alikuwa Mmoroko wa makamo, na Kiarabu chake nilikielewa akikisema polepole. Familia ilipokula ndani ya mkahawa, mimi nilikula chakula changu garini pamoja na mtoto, na hapo ndipo tulipozungumza. Aliniuliza nani anashika pasipoti yangu. Nilipomjibu, alitikisa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu hilo. Akanieleza kwamba Malaga kuna kina mama wanaowapokea wanawake walio katika hali yangu, na kwamba Ronda, mji tutakaokwenda kesho yake, una kituo cha mabasi ya Malaga, umbali wa kutembea tu kutoka darajani. Aliyasema hayo bila kunong'ona, akipangusa kioo. Kisha akaongeza kwamba yeye ana watoto na hangeweza kunipeleka mwenyewe.

Ronda tulifika kabla ya adhuhuri. Watoto walitaka kushuka chini ya korongo ili walione daraja kutoka bondeni, na njia ilikuwa ya ngazi na vumbi. Baba alimbeba mdogo begani. Madam aliutazama mteremko, akautazama mkoba wake mkubwa, akanitundikia begani.

"Kaa hapa," alisema. "Usiondoke."

Walishuka. Nilikaa kwenye benchi la mawe, watu wakipita na kofia zao na kamera zao. Nilijua kilichokuwa ndani ya mkoba. Madam hakuiamini nyumba ya kupanga. Kila siku alitembea na pasipoti zote, zikiwa zimefungwa pamoja kwa mpira. Nilizifungua. Yangu ilikuwa ya chini kabisa. Sikuwa nimeishika tangu siku nilipotua Riyadh. Picha ilionyesha mwanamke mwenye mashavu, aliyejaribu kuonekana mtu makini mbele ya mpiga picha. Kurasa chache mbele ilikuwapo viza ya Ulaya, haijaisha. Niliitoa nikaitia mfukoni mwa gauni langu, ndani ya abaya, nikazifunga zile nyingine kama zilivyokuwa.

Kisha nikakaa. Nilitaka kwanza kumsikia mwenzangu. Sijui nilitaka aniambie nini. Labda nilitaka anitanie, aseme potea tu Mwalimu, ili uamuzi uwe wake. Nikampigia. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, na tena, huku nikiangalia ngazi. Alikuwa na kawaida ya kuzima simu anapofanya kazi sebuleni, na nikajiambia kwamba yuko sebuleni, anafuta vumbi kwenye nyumba tupu, ananingojea. Nikamwona waziwazi. Nikaona na lile kovu, na nikaona mkono wa pili ambao haukuwa na kovu.

Nimejiuliza tangu siku hiyo kama nilibaki kwa ajili yake peke yake. Nilikuwa na woga pia. Sikujua neno hata moja la Kihispania, na nilikuwa nimefikia umri ambao kuanza upya kunachosha hata kukiwazwa. Lakini woga ule nilikuwa nao tangu Riyadh, nao haukunizuia kuitia pasipoti mfukoni. Kilichonifanya niitoe tena ni yeye. Niliiweka chini ya zile nyingine, nikafunga mkoba, nikaupakata. Walipopanda, nyuso zao nyekundu kwa jua, madam aliuchukua bila kuutazama, akanipa viatu vya mtoto vilivyojaa vumbi.

Dereva alituendesha kurudi Granada. Mara moja tu aliniangalia kwenye kioo, kisha akaacha.

Tulitua Riyadh alasiri. Nilipoingia chumbani kwetu, kile cha pembeni ya jiko, godoro la mwenzangu lilikuwa limesimamishwa ukutani na ndoano yake ya nguo ilikuwa tupu. Nilimfuata madam akiwa bado hajavua abaya, nikamwuliza yuko wapi. Alisema dada yake alihitaji mtu. Alikwenda Jeddah. Nikauliza tangu lini, naye akajibu bila kuona ubaya wowote katika swali: tangu siku ile ile tuliyoondoka. Gari lililotupeleka uwanja wa ndege ndilo lililorudi kumchukua. Nilipokuwa nimeketi Ronda nikipiga simu, yeye alikuwa Baghdadiyah, na simu yake imechukuliwa.

"Lakini mimi nimerudi, madam," nilisema.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ndiyo. Kwa nini usirudi?"

Nilisubiri, nikidhani atakumbuka. Hakukumbuka. Yale maneno yaliyonikalisha kwenye lile benchi aliyasema akiwa njiani kuchukua maji, na alipofunga mlango wa friji yalikuwa yamekwisha. Aliniagiza nifungue masanduku kabla nguo hazijavunda.

Nilimwona mwenzangu majira ya baridi, familia ilipokwenda Jeddah kwa harusi. Dada mkubwa alikaa kwenye jengo la zamani, ghorofa ya juu, na nilipitishwa moja kwa moja hadi jikoni kusaidia. Mwenzangu alikuwa ameinama kwenye sinki. Alikuwa amekonda na kukata nywele karibu na kichwa. Tulikumbatiana, lakini alijitoa upesi, akaangalia mlango, akanipa kitambaa cha kukaushia.

Nikamwambia kila kitu kuhusu Ronda. Nilikuwa nimekibeba kwa miezi na niliamini ni haki yake kujua: mkoba, kituo cha mabasi, simu yake iliyozimwa. Alinisikiliza akiosha finjani moja baada ya nyingine.

"Ulikuwa nayo kabisa? Mkononi?"

"Nilikuwa nayo."

"Na ukairudisha kwa bag ya madam."

"Niliirudisha."

Aliiacha finjani chini ya maji yaliyotiririka. Nilidhani atalia, au atanishukuru, na naona haya kwamba nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Mimi ningeenda, Mwalimu," alisema. "Sikufichi. Ningekuacha hapo Riyadh na ningeenda."

Nikamwambia najua.

"Hujui. Ningeenda na nisingepiga simu. Sasa umekuja kunipa hii nifanye nayo nini? Nina ya kwangu ya kubeba hapa. Siwezi kubeba na yako."

Kengele ililia kutoka sebuleni. Alifunga mfereji, akakausha mikono kwenye gauni, akapanga finjani juu ya sinia pamoja na dele la kahawa. Nikashika upande wa pili wa sinia nimsaidie. Akalivuta taratibu mpaka nikaachia, akatoka. Nilisikia sauti ya yule dada mkubwa ikimwuliza mbona amechelewa. Jibu sikulisikia, kwa kuwa mlango wa sebule ulifungwa, nami nikarudi kwenye sinki kumalizia vyombo alivyoviacha.