Jina Nililokuwa Navuta na Pumzi

Niwaambie kwanza nani alikuwa pale, kusudi muntu asiseme kesho kwamba koko huyu, bibi muzee, aliota. Kulikuwa mimi mwenyewe. Kulikuwa Sifa, mutoto wangu wa mwisho, njo yeye nakaa naye. Kulikuwa Papa Bauma, ndugu mudogo wa marehemu bwana yangu. Katika ukoo wetu ndiye anajua kazi ya kuzika. Kulikuwa Mama Kavugho, mufanyabiashara wa Butembo, mwenye butiki, duka la mbele, na mwenye hii parsele, kiwanja cha Itebero ambamo alitupatia nyumba ya mbao. Na kulikuwa Mama Rejina wa kituo cha afya, anayezunguka akifundisha wakimbizi kutuliza roho. Wote ni wazima, muwaulize. Kuna na mwingine aliyekuwa pale. Huyo nitamutaja akifika.

Sisi ni watu wa Masisi, wa kilimani, watu wa maharagi na viazi na misa ya siku ya Mungu. Vita ilipofika juu ya shamba letu tulishuka upande wa Walikale kwa miguu, ndani ya pori, mvua juu yetu. Mutoto wangu wa kwanza, binti yangu Kahindo, alijikata muguu na kisiki. Hatukuwa na kitambaa kikavu, kwa hiyo nikafunga kidonda na jani la mugomba, nikakaza na kamba ya mugomba huohuo. Akatembea, akachechemea, akatembea. Kabla ya kufika mutoni akakaa chini ya muti.

"Mama, mutangulie," akasema. "Nipumuzike kidogo, nitawafikia."

Nikamuachia muhogo wa kuchoma. Tukavuka. Ng'ambo tukamungoja mpaka watu wote waliokuwa nyuma yetu wakaisha kupita. Papa Bauma akarudi kumutafuta. Chini ya ule muti hakukuwa muntu. Hakukuwa damu, hakukuwa kiatu, hata maganda ya muhogo hayakuwa.

Sasa, muntu kama huyo unamulilia ao unamungoja?

Kwetu, muntu akipotea na maiti yake isionekane, tunakata mugomba, tunauvika nguo yake, tunaulilia, tunauzika. Hapo kilio kinaisha. Yeye anapata kwake, na nyinyi munapata usingizi. Lakini ukimuzikia mugomba muntu ambaye angali anapumua, umemufungia njia. Hata akirudi, nani atakula naye sahani moja? Watamukimbia. Kwa hiyo Papa Bauma alikuwa anataka tuzike, na mimi nilikuwa nakataa. Kuna muntu alisema ameona kule Shasha, kando ya ziwa, mwanamuke anauza sambaza, wale samaki wadogo, anachechemea. Mama Kavugho, Mungu amubariki, akaomba vijana wake wa moto, wale wa pikipiki, waulize mpaka Bweremana. Walirudi na samaki tu.

"Shemeji," Papa Bauma akaniambia, "unamungoja na nini tena?"

"Na macho."

"Macho yenyewe hayalali."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa silali. Moyo ulikuwa unatwanga, mikono inatetemeka mpaka namwaga chini mayi ya kupikia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Sifa njo akanipeleka kwa Mama Rejina.

Yule mama hakunipatia dawa. Alitukalisha juu ya mukeka, wamama wote tuliokimbia, akasema: "Mufunge macho. Musikilize pumzi yenu. Ikiingia, iingie. Ikitoka, itoke. Mawazo ikija musiigombeze. Iko kama mbuzi wa jirani, itapita."

"Yangu haipiti," mama mumoja akajibu, "inakula na maharagi!" Tukacheka, na ni siku nyingi tulikuwa hatujacheka. Kisha akatuambia kila mumoja achague neno lake, neno la kuvuta na pumzi. Wengine walichagua Yezu, wengine amani. Alisema neno ni la muntu mwenyewe, haombwi kulisema.

Nikaanza kukaa hivyo nyumbani, mulangoni, asubuhi. Mama Kavugho ananiona kutoka butiki:

"Koko, unasali ao unasinzia? Ukikoroma nakuletea ndoo ya mayi!"

"Uza sukari yako, mama Butembo. Ya wewe roho inatulia ukisikia kufuli inafunguliwa."

Alicheka mpaka akashika mulango. Lakini mimi, ndani, kitu hakikuwa kinatulia. Nilikuwa nimechagua amani. Lile neno nimelisikia sana mu redio, halinigusi tena. Basi siku moja, bila kulitafuta, neno lingine likaingia na pumzi. Kahindo. Pumzi ikitoka, Kahindo. Ikiingia, Kahindo. Na roho ikatulia, muniamini. Mikono ikaacha kutetemeka. Ule usiku nililala mpaka Sifa akaweka sikio kwenye kinywa changu asikie kama ninapumua.

Tangu hapo nikawa naenda nyuma ya parsele, kwenye kijito, pale pori inaanzia. Asubuhi ukungu unakaa juu ya mayi, majani yanadondosha mvua ya usiku, ndege mumoja anajaribu sauti. Mama Rejina alikuwa ametuambia pori nayo inapumua, tukae tupumue nayo. Nilikuwa nakaa juu ya jiwe, macho yamefungwa, naita mutoto wangu polepole, bila sauti, mpaka jua linapata majani. Kisha naenda kupika. Nilikuwa nimepata utulivu. Muntu mwenye hajaupoteza hajui ni kitu gani.

Sasa musikilize. Asubuhi moja, mvua imetoka kuacha, nimekaa, napumua. Nikasikia miguu kwenye majani. Muguu mumoja unakanyaga, mwingine unaburuzwa. Unakanyaga, unaburuzwa. Sikufungua macho. Kwa nini? Nilikuwa naogopa yasione kitu. Miguu ikafika, muntu akakaa karibu yangu, na harufu ya majani yaliyooza ikaja naye. Akaanza kupumua. Nikivuta, anavuta. Nikitoa, anatoa. Na roho, niseme ukweli, ilikuwa imetulia kabisa.

"Mama," akasema.

Mimi nimezaa ile sauti. Nani angenidanganya nayo?

"Mwanangu, umefika."

"Nafika kila siku, Mama. Ukiniita naamuka, natembea. Muguu unauma. Nikikaribia hapa, unasimama, unaenda kupika. Narudishwa kule mbali. Kesho unaniita tena."

Hapo njo nikafungua macho. Alikuwa amekaa ameangalia mayi, sikuona uso mzima, shavu tu. Nikaangalia chini. Mutaniuliza ulijuaje kama iko yeye, na si kitu cha mutoni kimevaa sura yake? Jani, wapenzi wangu. Muguu wake ulikuwa umefungwa na jani la mugomba, na fundo lilikuwa fundo langu. Tangu nilifunga, mvua zilikuwa zimekuja na kuondoka, tumelima, tumevuna, tumelima tena. Na lile jani lilikuwa lingali bichi, kijani, kama nimelikata sasa hivi.

"Uko wapi, nije nikutoe?"

"Sijui jina la kule. Iko miti tu."

"Uko muzima ao umekufa? Uniambie, Kahindo, nijue nifanye nini."

Akavuta pumzi, na mimi nikavuta, sikuweza kujizuia.

"Mimi najua tu kwamba nachoka, Mama. Uniache nikae."

Nikanyoosha mukono nishike lile fundo, nilifungue kidogo, nilikuwa nimelikaza sana. Mukono ulifika kwenye majani yenye mayi baridi. Hakukuwa muntu.

Sifa alikuwa amesimama kwenye njia na kidumu chake cha mayi.

"Mama, nani alikuwa hapa?"

"Umeona nini?"

"Sikuona, ukungu ulikuwa mingi. Nilisikia. Mulikuwa wawili munapumua."

Nilipomuelezea Papa Bauma, pamoja na neno nililokuwa navuta, hakunigombeza. Alitoa kofia. Alisema: "Shemeji, unamuita muntu ambaye hatujui analala wapi, na unamuita ku mayi? Wazee wangekukataza hata mara moja. Wewe unafanya kila asubuhi." Mama Rejina, ambaye Sifa alikuwa amekimbia kumuita, akaanza kulia pale pale. Kule alikosomea hawakumuambia kwamba mama anaweza kuchagua neno kama lile. Nikamuambia asilie, utulivu alionipatia ulikuwa wa kweli. Lakini mwenye kuulipa alikuwa mutoto wangu, na muguu wake.

Basi nikasema ndiyo. Mufahamu vizuri: nilikuwa sina maiti, sina kaburi, sina muntu aliyeniambia "nimemuona amekufa." Nilikuwa na jani bichi tu. Na juu ya lile jani nikamufungia mutoto wangu njia.

Papa Bauma alikata mugomba nyuma ya butiki, Mama Kavugho mwenyewe akaonyesha ulionyooka. Hakuchekesha muntu siku ile. Nikauvika kikwembe cha Kahindo cha kujifunga kiunoni, kile alichonipatia nimubebee siku ya kukimbia. Mugomba una uzito, munajua? Una uzito kama mutoto aliyelala. Papa Bauma akauliza, kama inavyotakiwa: "Tunazika nani?" Mama njo anajibu. Nikajibu. Tukalia mpaka majirani wasiotujua wakaja kulia nasi. Udongo wa Itebero ni laini, ulifunika upesi, upesi sana.

Tangu siku ile miguu haikuja tena. Naendelea kwenda kwenye kijito asubuhi, nafunga macho, navuta pumzi tupu. Mama Rejina anasema utulivu utarudi. Pengine. Mikono imeanza tena kutetemeka, na Sifa njo anapika. Lakini huu mwaka wote sijamuita. Lile jina likitaka kuingia na pumzi, natafuna ulimi wangu.

Kwa hiyo nyinyi munaokaa kimya kutafuta roho kutulia, nyumbani ao porini, mukae, ni vizuri, mimi siwakatazi. Ila muangalie neno munalovuta. Musivute jina la muntu ambaye hamujui kaburi yake. Hamujui anatoka mbali namna gani, na ni muguu gani unamuuma.

Na mimi ni muzee, sikusoma sana, Sifa njo ameniandikia nusu. Kama nimekosea jina la muntu ao nimeweka mbele kilichokuwa nyuma, munisahihishe. Na kama kuna muntu aliyemuona Kahindo wangu, muzima, anatembea kwa muguu wake, aje anisahihishe hiyo mbele ya yote. Asiogope kuniaibisha. Nitaufukua ule mugomba na mikono yangu.