Usiondoe Mkono

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Nemba, Mganga Mfawidhi alinipokea kwa ufagio. "Sista, uuguzi unaanzia sakafuni," akasema. Nilinuna, maana nilikuwa na cheti kipya na sare iliyopigwa pasi. Siku hizo tulikuwa watumishi wengi, hata wa kununiana tuliwapata.

Baadaye nilihamishiwa Ngara, zahanati ya mlimani upande wa Rulenge. Huko nilimkuta Leokadia, mhudumu wa afya, yaani yule anayechemsha vifaa na kumshika mama mkono uchungu unapomzidi. Aliwatania wazazi hadi wakacheka katikati ya kilio. Kisha likaja agizo kwamba asiye na cheti cha kidato cha nne aondoke, na Leokadia aliishia darasa la saba. Wenzangu wengine walistaafu, asiletwe mtu. Nilikwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, naye akavua miwani. "Sista, kibali cha ajira hakijatoka. Hata mimi naomba tu." Nikabaki peke yangu, na iliniuma sana.

Asubuhi moja ya mvua, mama aliyetoka kujifungua alianza kuvuja damu. Mfuko wake wa uzazi ulikuwa umelegea. Nilimchoma sindano ya kuukaza, nikamkanda tumbo, damu ikapungua, lakini kila nilipoondoa mkono ilirudi. Alihitaji kuongezewa damu hospitali. Kitanda cha pili alilala mwingine, kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Gari la wagonjwa lilikuwa likisubiri chini barabarani, kwani mlima ulikuwa tope tupu.

Wanaume wa kilima walileta ingobyi, machela ya kusukwa inayobebwa mabegani kwa zamu. Kwetu kila kaya hutoa mbebaji, na asiyetokea husemwa mpaka aone haya kupita njiani. Wabebaji walikuwapo, ila nani angelishika lile tumbo njiani?

Leokadia alikuja mbio kutoka shambani, baada ya kuwasikia wabebaji wakiitana. Aliegemeza jembe ukutani, akanawa mikono.

"Wewe si mtumishi tena," nilimwambia kwa hofu.

"Tumbo halijui hayo, sista. Sogea."

"Usiondoe mkono mpaka hospitali!"

Nikawatazama wakishuka mteremko, wanaume wakipokezana mabega, naye akikimbia ubavuni huku mkono u tumboni. Nilistaajabu mno, machozi yakanitoka, nikageuka kumpokea mtoto wa yule wa kitanda cha pili. Yule mama aliyebebwa alipona. Leokadia alirudi jioni akiuliza jembe lake liko wapi.

Sasa nimestaafu, na zahanati ina muuguzi mmoja, binti mdogo. Vijana, ombeni vibali vitoke, maana mtu mmoja hatoshi. Juzi nilikuwa nikipalilia maharage nikasikia wabebaji wakiitana, wakipandisha ingobyi. Nikawafuata, nikaegemeza jembe pale pale ukutani, nikanawa mikono.

"Shikamoo, bibi. Si umestaafu?" binti aliuliza, macho yamemtoka.

"Marahaba. Sogea."