Sentensi ya Tatu

Harufu ya samadi kavu inayoungua bado hunikaba koo. Katika kijiji chetu kipya cha ujamaa, mwendo mfupi kutoka Dutwa, nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, na miti yote ya karibu ilikuwa imeishia kwenye kuta na mapaa. Tulipikia samadi ya ng'ombe na mashina ya pamba. Moshi wake ulikuwa mzito, wa manjano, na ulijaa jikoni kwa bibi yangu hata nikawa nampapasa kabla ya kumwona. Bibi ndiye aliyenilea. Tangu nimfahamu macho yake yalikuwa mekundu, yakitoka machozi bila kilio. Kule tulikoishi kabla ya kuhamishwa, kila mji wa familia ulikaa mbali na mwingine, na hakuna aliyeyajali. Hapa kila jirani aliyaona kila asubuhi.

Msimu ule wa kuvuna pamba, mtoto mchanga wa jirani yetu Mama Kulwa alifariki kwa homa. Kabla ya msiba, binti yake Kulwa, tuliyesoma naye darasa la tatu, alikuwa akija alfajiri na kigae cha chungu kuomba makaa, na kuondoka akiyapuliza. Baada ya msiba alipita mlangoni kwetu bila kugeuka, akaenda kuomba moto nyumba ya nne. Kisimani niliwasikia wanawake wakisema wachawi wana macho mekundu. Waliponiona, walijitwika ndoo zao.

Mwalimu wetu, kijana mwembamba aliyetoka mbali, alipenda kutufundisha hoja. Yeye alisema sentensi mbili, sisi tukamalizia ya tatu kwa pamoja. Kila ng'ombe hula nyasi. Fahali wa kijiji ni ng'ombe. Nasi tuliimba: kwa hiyo, fahali wa kijiji hula nyasi. Siku moja alitaka mifano ya nyumbani kwetu. Niliinua mkono kwa sababu nilipenda kusifiwa, na sentensi za kisimani zilikuwa zimenikaa kichwani. Nikasema, "Wachawi wana macho mekundu. Bibi yangu ana macho mekundu." Sikuwa nimeifikiria ya tatu. Darasa zima liliniimbia, kwa sauti ileile tamu ya fahali na nyasi: "Kwa hiyo, bibi yako ni mchawi."

Mwalimu alisema hoja hiyo imepinda, lakini kengele ilikuwa imelia, na watoto walikwisha kukimbia nayo makwao. Kesho yake, wajomba wawili wa Kulwa walikaa ng'ambo ya barabara, wakielekea mlango wetu, wakinoa mapanga polepole. Hawakutusalimia. Kwetu Usukumani hata mtu mnayegombania naye mpaka wa shamba humsalimia bibi yako. Kila jiwe lilipokwaruza chuma nilirudi nyuma ya mlango, kwa kuwa nilijua ni nani aliyewaita.

Mchana Bibi alikuwa akichambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Nilimwambia yote. Nilingoja anichape. Aliendelea kuchambua, kisha akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, watu fulani waliibiwa ndama siku ya mvua. Wakasema, mwizi wetu ana matope miguuni. Wakatoka kumtafuta. Wa kwanza kukutana naye alikuwa na matope, wakampiga mpaka akafa. Walipomaliza, mmoja akainama, akaitazama miguu yake mwenyewe."

"Mwizi alikuwa nani, Bibi?"

"Sijui. Mwizi nimemtaja tu ili nikuonyeshe matope."

Alfajiri sikumwacha awashe moto. Niliinama mimi juu ya samadi na kuyafumbua macho kwa nguvu, hadi yakawaka kama yametiwa pilipili. Njiani kwenda shule niliyaona mashati ya wale wajomba kupitia machozi yangu. Darasani nilisimama bila kuitwa. Mkojo ulinichuruzika kidogo, wenye joto, hadi kwenye kisigino. Nikasema, "Wachawi wana macho mekundu. Mimi nina macho mekundu."

Nyuma mtu alianza, "Kwa hiyo," akajikuta peke yake, akaacha. Ndipo Kulwa, aliyekaa mbele yangu, akasema bila kugeuka, "Hata mama yangu, macho yake ni mekundu. Analia tangu mdogo wangu afe." Mwalimu aliweka chaki mezani. "Haya, nani atamalizia?" akauliza. Hakuna aliyemalizia.

Jioni kabla jua halijazama, Kulwa alisimama mlangoni na kigae chake. "Mwadila, mayu," alimwamkia Bibi kwa salamu yetu ya jioni. "Mama anaomba makaa." Bibi alimchagulia makubwa. "Mwambie asiinamie sana," alisema. "Samadi hii itamharibia macho, halafu watu waseme." Kulwa alicheka kwa woga, nami nikacheka, nikalia. Wale wajomba walikaa pale siku mbili zaidi. Kisha pamba ikawaita shambani. Bibi aliishi miaka mingi baadaye, akafa kwa uzee, kitandani kwake.

Leo napikia gesi mjini Bariadi, na macho yangu ni meupe. Wanangu hawajui kuomba moto kwa jirani. Lakini mtu anapoweka sentensi mbili kando kwa kando, kwenye mkutano au kwenye simu, kisha akanyamaza kidogo, samadi hunukia puani mwangu. Nageuka haraka, nitazame ni nani anayevuta pumzi ili amalizie ya tatu.