Waliingia Wawili

Mimi ni fundi wa lifti. Mwaka huu natimiza miaka thelathini na moja nikipanda majengo ya watu kwa ngazi, maana lifti ikiharibika fundi hapandi lifti, anapanda ngazi na mkoba wake begani kama punda. Kazini wananiita Nakuja. Jina hilo nilijitafutia mwenyewe. Watu wakikwama humo ndani wanapiga makelele, wengine wanalia, wengine wanamwomba Mungu mkojo usiwatoke mbele ya wakubwa wao, na kazi ya kwanza ya fundi, kabla hajagusa hata bisibisi, ni kuwatuliza. Basi nasimama mlangoni, napaza sauti: "Tulieni, nakuja!" Kisha napanda juu kwenye mashine, nalegeza breki, nazungusha gurudumu kwa mkono mpaka lifti ilingane na sakafu. Wakitoka wananikumbatia. Meneja mmoja wa benki aliwahi kunikumbatia mpaka tai ikampinda, na kesho yake tulipokutana hakunijibu salamu.

Nyumbani nako nilikuwa Nakuja. Mke wangu akipiga simu saa moja jioni, nakuja. Akipiga saa tatu, nakuja. Chakula kinapoa, anakipasha, kinapoa tena. Sisemi nilikuwa mume mbaya. Sikuwa mlevi, sikuwa na nyumba ndogo. Nilikuwa na lifti.

Kitu kimoja tu ndicho alichoking'ang'ania. Kila Jumapili alasiri twende msitu wa jiji. Uko nyuma ya hospitali kubwa, umezungushiwa wavu, na ukisimama getini unasikia magari upande huu na ndege upande ule. Ndani kuna njia za miguu tatu, fupi, ya kati na ndefu. Ile ndefu inapanda taratibu kufuata mto mpaka kwenye maporomoko, na mbele ya maporomoko kuna benchi moja la mbao. Maji yanaanguka kwa kishindo hata mkiketi bega kwa bega lazima mpigiane kelele.

Getini kuna daftari. Unaandika jina, namba ya simu, idadi ya watu, saa ya kuingia, na ukitoka unaandika saa ya kutoka. Usidhani ni mapambo. Mwaka fulani kuna mtu aliteleza kule kwenye mawe, akalala na mguu uliovunjika mpaka asubuhi, na mlinzi aliyefunga geti siku ile alimwaga unga. Tangu hapo wamebandika kibao: geti halifungwi mpaka kila aliyeingia ametoka.

Miaka kumi na moja tulikwenda, na miaka kumi na moja mimi nilitangulia. Sijui kutembea polepole. Natembea kana kwamba kuna watu wamekwama juu huko. Nikifika naketi kwenye benchi, natazama saa. Dakika ishirini, thelathini, mara nyingine arobaini. Nanuna. Mpaka sweta yake ya kijani ichomoze kwenye kona, mimi nimeshaiva kwa hasira. "Hiyo miguu umeiazima kwa nani?" namuuliza. Yeye anacheka tu, anaketi, anatoa nusu ya yai la kuchemsha kwenye mfuko, ananipa, yeye hali. Kurudi ni vile vile, natangulia. Mlinzi ananiuliza getini, "Mama yuko wapi?" nami najibu, "Yuko nyuma, anakuja." Niliisema hiyo kauli mara ngapi, jamani? Mara mia tano?

Alifariki mwezi wa pili. Presha, asubuhi moja, maji ya chai yakiwa jikoni.

Binti yetu, anayeishi mji mwingine, alikuja siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyepiga simu zote, yeye ndiye aliyeongea na watu. Mimi nilipewa kiti. Waliokuja walikuwa wameshajua, wakanishika mkono, nikatikisa kichwa. Baada ya wiki mbili kila mtu akarudi kwake, naye binti akarudi kwa wanawe. Nikabaki na vyumba viwili na friji. Sikuwahi kujua kwamba friji yetu inakoroma. Upweke, ndugu yangu, usiuombe. Nikawa nachukua zamu za Jumapili pia, nawaambia vijana nendeni mkapumzike, na wao wakaniona mtu mwema. Miezi saba, na neno "amekufa" sikuwahi kulitamka kwa kinywa changu hata mara moja. Hakuna aliyeniuliza.

Jumapili moja nikawa natafuta ndala chini ya kitanda, mkono ukagusa viatu vyake vya raba, vile vya kahawia. Udongo wa msituni ulikuwa bado umegandia kwenye soli. Nikakaa sakafuni navyo kwa muda. Halafu nikavaa shati, nikaenda.

Getini nilimkuta mlinzi mgeni kwangu, binti mdogo, kofia imemzidi kichwa. Nyuma yangu kulikuwa na wanafunzi kama arobaini wanasukumana, mwalimu wao anafoka. Binti akanisukumia daftari, "Andika, baba, andika upite." Nikaandika, nikapita. Nilipanda ile njia ndefu mbio mbio kama kawaida yangu, nikaketi kwenye benchi, na bila kufikiri nikatazama saa. Loh! Nikaona aibu ingawa nilikuwa peke yangu. Nikakaa pale mpaka baridi ya maji ikaniingia shingoni.

Nilirudi getini saa kumi na moja na nusu. Binti akapitisha kidole kwenye mstari wangu.

"Mlikuwa wawili, baba. Mwenzako yuko wapi?"

Nikainama kutazama. Hati ni yangu, na kwenye idadi ya watu nimeandika mbili. Mkono uliandika wenyewe. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema nimekosea, samahani, kata hapo. Badala yake nikasikia kinywa changu kikijibu:

"Yuko nyuma, anakuja."

"Haya, tumsubiri."

Basi tukasimama, mimi na yeye, tunaitazama njia. Wanafunzi wakatoka, wakahesabiwa, wakaenda. Wakatoka vijana wawili walioshikana mikono. Kila kilichotikisika kwenye kona ya njia, binti alinyoosha shingo. Na haki ya Mungu, hata mimi nilinyoosha. Nilijua, sikuwa nimerukwa na akili. Lakini kusimama na mtu mwingine mkimngojea, mtu anayeamini kabisa kwamba atatokea, kulikuwa na utamu ambao sikuuonja kwa miezi saba. Nikasema moyoni, dakika moja tu, kisha namwambia. Dakika zikawa ishirini.

"Baba, kwani mama anaumwa?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kabla sijajibu alikuwa ameshaita kwenye redio.

Akaja mkuu wa doria, jitu la miraba minne na kamba begani. Huyo hakuwa na mchezo.

"Amevaa nini?"

"Sweta ya kijani. Kitambaa cheupe kichwani. Viatu vya raba, vya kahawia."

"Mara ya mwisho umemwona wapi?"

Hapo nikakwama. "Njiani."

"Wapi njiani, mzee? Njia ina kilomita mbili."

"Sijui. Mimi nilitangulia."

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanamume anayemwacha mkewe nyuma msituni. Akamwambia binti abaki getini, sisi wawili tukaanza kupanda, yeye akipiga filimbi na kuita, "Mamaa! Mama wa sweta ya kijani!"

Kwenye kona ya tatu, penye kijumba cha vifaa, tulimkuta mwanamke wa makamo anakusanya majani kwa reki, toroli limejaa. Nilikuwa nimempita pale miaka nenda rudi, na salamu yangu kwake ilikuwa kunyanyua kidevu.

"Mnamtafuta nani?" akauliza.

"Mama mmoja, sweta ya kijani. Mke wa huyu mzee."

Reki ikamwanguka. Uso wote ukachanua. "Weee! Kumbe amerudi? Miezi saba namngoja! Na leo kanipita hapa bila hata salamu? Hebu ngoja nimkamate, atanitambua!" Akakunja sketi mkononi, akatangulia mbio, anaita, "Mwenzangu! We mwenzangu! Jitokeze, nimeshakuona!"

Nilipaswa kusema pale pale. Najua. Usinihukumu, nimeshajihukumu mwenyewe. Lakini tangu mwezi wa pili hakuna mtu aliyekuwa amemwita. Watu walikuwa wanamtaja, marehemu hivi, marehemu vile, wameshusha sauti. Hawa wawili walikuwa wanamwita kwa nguvu zote za mapafu yao, kama mtu anayeweza kuitika. Nilitaka waite mara moja zaidi. Nikawafuata.

Tukafika kwenye maporomoko. Benchi tupu. Yule mwanamke akazunguka huku na huku, akaanza kuingiwa na hofu. Mkuu wa doria akachungulia chini kwenye bwawa, penye povu, akanyoosha kidole. Kulikuwa na kitu cha kijani kinaelea, tawi tu pengine. Akaketi, akavua buti. Akafunga kamba kwenye mguu wa benchi, akaishika, akaanza kushuka juu ya yale mawe yenye koga na utelezi, kwa miguu mitupu, jitu zima lile. Jiwe la kwanza likamtelezesha, akaning'inia, akajishika tena.

"Rudi!" nikapiga kelele. "Usishuke!"

Akaonyesha sikio. Hasikii. Akateremsha mguu mwingine.

Nikajaza kifua. "Hayupo! Mke wangu amekufa!"

Bado akatikisa kichwa, hasikii. Ikabidi nisogee mpaka ukingoni, nimwinamie, nilirudie kwa sauti yangu ya kazini, ile inayopita milango ya chuma ghorofa nane.

"Amekufa! Mwezi wa pili! Nimekuja peke yangu!"

Alibaki amening'inia kwenye kamba yake, ananitazama. Kisha akapanda, akaketi kwenye benchi, akavaa soksi moja, akavaa ya pili, polepole. Nilikuwa nasubiri matusi, na yangenistahili. "Mzee," akaniambia sikioni alipomaliza kufunga kamba za buti, "ningevunjika shingo." Akainuka, akaenda kusimama mbali kidogo na redio yake, ametupa mgongo.

Yule mwanamke wa majani alikuwa ameketi chini, pale pale aliposimama, analia waziwazi. Nikaketi karibu naye, mdomo kwa sikio ili tusikiane. Nikasema la kijinga.

"Sikujua mnafahamiana. Mimi nilidhani ana miguu mizito."

Akanigeukia. "Miguu mizito? Nani, yeye? Yule alikuwa anapanda mlima huu kuliko mbuzi!" Akafuta pua kwa kiganja. "Alikuwa anakaa na mimi pale kijumbani. Tunapiga soga. Mimi humu ndani siku nzima naongea na majani, baba. Ananimegea yai lake."

Kumbe ndiyo maana yai lilikuwa linanifikia nusu, na yeye hali kitu. Nilidhani hapendi.

"Hakuogopa nitakasirika?"

Hapo akacheka, machozi bado yanamtoka. "Kuogopa! Mimi ndiye nilikuwa namsukuma, nenda bwana, mwanamume wa watu ananuna huko juu. Anasema mwache. Wiki nzima namsubiri mimi, Jumapili acha anisubiri yeye." Akaongeza, "Alikuwa anapenda hivyo. Anainuka, anajipangusa sketi, ananiambia, haya mwenzangu, naenda, kuna mtu ananisubiri."

Nikainamisha kichwa magotini. Nililia pale, mbele ya watu nisiowajua hata majina, na maji yakanifichia sauti. Miaka kumi na moja ya kununa, kumbe hizo ndizo saa zangu nzuri kwake. Na mimi nilizitumia kutazama saa ya mkononi.

Tulishuka watatu pamoja, kwa mwendo wa yule mwanamke. Kwenye kijumba akaniaga. Aliniambia Jumapili yupo. Sikuahidi, nimeshaahidi vya kutosha maishani.

Getini binti alikuwa ameambiwa kwenye redio. Akanigeuzia daftari, akanipa kalamu. Nikaikata ile mbili, nikaandika moja pembeni yake, na saa ya kutoka. "Pole, baba," akasema. Pole nilikuwa nimepewa nyingi. Hii niliisikia.

Sijafika hata barabarani, simu ikalia. Jumba la ghorofa kumi, lifti imesimama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, watu wanne ndani, mmoja mjamzito.

"Waambie watulie," nikasema. "Nakuja."

Nikakata, na kidole kikawa kimeshateremka chenyewe kwenye jina la mke wangu, kumwambia nitachelewa kidogo. Nikasimama pale kando ya barabara, simu mkononi, mpaka mwanga wake ulipozimika. Halafu nikaenda kazini. Sikuwa nachelewa popote.