Ndoo Yangu na Diski za Mzee Wafula

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipomwaibisha mzee wa watu mbele ya wateja wake, na mpaka leo nikikaribia Makadara uso unanichoma. Sikuwa na mpango wa kukusimulia. Lakini jana nilikuwa nimekaa mlangoni nikakuona umerudi kutoka Machakos na hiyo pikapu yako mpya, nyanya zimejaa hadi juu, na ulipokwisha kuzishusha ukaenda moja kwa moja kwa wale vijana wanaoosha magari. Wakaelekeza mpira wa maji kwenye magurudumu. Uliniona nimesimama ghafla, ukafikiri ni mgongo. Nilisimama kwa sababu ya ule mlio wa chuma cha moto kikimwagiwa maji. Mlio huo naujua. Keti basi, chai bado ipo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa na pikapu nyeupe iliyopitia mikono ya watu wengine kabla yangu, na kazi yangu ilikuwa kubeba vitanda na makabati kutoka kwa maseremala wa Gikomba hadi kwa wenyewe, mitaa ya Umoja, Kayole, popote waliponiita. Wanawake wa kazi ile tulikuwa wachache sana. Madereva wenzangu walipenda kuniambia kwamba gari la mwanamke halimalizi mwaka, nami nikaapa kwamba langu litang'aa kuliko yao yote. Kila jioni nikifika nyumbani, mtaa wa Jericho, hata sijavua viatu, nachota ndoo mbili za maji. Nilianza na magurudumu, maana huko ndiko vumbi jeusi la breki hushika. Majirani walinisifu. Na mimi nilijisifu, usidhani nilikuwa na haya.

Fundi wangu alikuwa Mzee Wafula. Alikuwa amefanya kazi reli miaka mingi, akastaafu, akafungua gereji ndogo ya mabati pale Makadara, na watu walimjua kwa breki. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha mafundi wengine: akimaliza kufunga breki za gari, anapanguza mikono, anaingia kiti cha abiria, kisha anamwambia mwenye gari aendeshe. Alisema aliyefunga breki ndiye anayefaa kuwa wa kwanza kuzitegemea.

Basi usukani wangu ukaanza kutetemeka. Si wakati wote, ni pale tu nilipokanyaga breki nikiwa kwenye mwendo. Nikampelekea. Akafungua magurudumu ya mbele, akanionyesha diski, ile sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na zile pedi mbili zinazoibana ili gari lisimame. Diski zote mbili zilikuwa zimepinda. Kwa macho huoni, lakini alizipima kwa kifaa chake akatikisa kichwa. Akaniuliza kama nimepita kwenye maji gari likiwa limetoka mbali. Nikasema hapana, mvua haijanyesha wiki tatu. Akazipeleka zikachongwa kwenye mashine mpaka zikanyooka, akazifunga, tukaendesha pamoja, gari likawa tulivu kabisa.

Mwezi haukuisha, usukani ukatetemeka tena. Akazichonga mara ya pili. Safari hii alinionyesha namba ndogo iliyochapwa kwenye diski yenyewe, akanieleza kwamba huo ndio unene wa mwisho, chini ya hapo diski ni ya kutupwa, na kwamba sasa tumeukaribia. Kisha akaniuliza, kwa upole, gari hili nalitunza vipi. Nikamjibu kwamba nalitunza kuliko yeye anavyoitunza gereji yake. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu. Mdomo ulikuwa unatangulia, mimi nafuata nyuma.

Ndipo ikaja ile Jumamosi. Nilitoka Gikomba nimebeba kitanda cha mninga na kabati lake, nashuka pale barabara inapoelekea mtoni. Mwanamume mmoja akavuka mbele yangu akivuta mkokoteni uliojaa mbao. Nikakanyaga breki. Usukani ulitikisika hadi ukanitoka mkono mmoja, na gari halikusimama pale nilipozoea lisimame. Liliendelea tu, nami namtazama yule mtu mgongoni. Liliposimama, bampa ilikuwa imegusa mbao za nyuma kabisa za mkokoteni wake. Akageuka polepole, akanitazama mimi, akatazama mzigo wangu.

"Sasa madam," akasema, "ulikuwa unataka kuniua kwa ajili ya kitanda?"

Niliendesha mwendo wa kutembea mpaka Makadara, na ule woga wote ulipofika pale gereji ukawa hasira. Kulikuwa na wateja watatu, mmoja gari lake likiwa juu ya jeki. Sikumsalimia mtu. Nilimwambia Mzee Wafula, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, kwamba karibu niue mtu kwa sababu yake, kwamba macho yake yameisha, kwamba afunge gereji aende kwao kabla hajazika watoto wa watu.

Alikuwa ameshika spana. Akaiweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Yule mwenye gari la kwenye jeki akaomba lishushwe, akaondoka bila kuaga. Mzee akaja kwenye gari langu. Alifungua magurudumu yangu, akapima, akaniita nione: diski zilikuwa zimepita ule unene wa mwisho, na juu yake zilikuwa na nyufa nyembamba. Akafunga mpya, pande zote mbili. Nilimwona akikwangua kutu kwa brashi ya waya pale diski inapokalia, akiosha mafuta ambayo diski mpya huja nayo, akitupa pedi za zamani ingawa zilikuwa bado na unene wa kutosha. Nilisimama mikono kifuani kama askari jela. Alipomaliza akasema jambo moja tu, kwamba Jumatatu atapanda nami kutwa nzima, kuanzia safari ya kwanza hadi gari lilale.

Akapanda kweli. Alikaa siku nzima, kofia yake magotini, akisikiliza breki. Aliniambia tu nikanyage breki kwa upole, diski na pedi mpya zizoeane. Tulizunguka mitaa yote ya Eastlands. Jua likiwa bado liko juu ya nyumba tulifika Jericho, nami kama kawaida nikachota ndoo yangu, nikainama kwenye gurudumu la mbele, nikaiinua.

Alinishika mkono. Maji mengine yalimwagika kwenye viatu vyake.

Akauliza nafanya nini. Nikasema naosha. Akauliza ni kila siku. Nikasema kila siku, nikifika tu. Akauchukua mkono wangu akausogeza karibu na diski, bila kugusa, na joto lililotoka pale lilinifanya niurudishe haraka. Hapo akaniuliza kama nyumbani kwangu sufuria ikitoka motoni huwa naimwagia maji baridi hapo hapo. Nikaelewa yote kwa mara moja, mwanangu. Zile diski mbili za kwanza, ule mkokoteni, yale maneno ya Jumamosi.

Nilingoja anitukane. Badala yake Mzee Wafula aliketi pale kwenye ngazi ya mlango wetu, viatu vimelowa, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko nikaona machozi.

"Kumbe ni wewe, Mutheu," akasema. "Mimi nilikuwa nimekubali. Jumamosi nilienda nikamwambia mama watoto tufunge vitu, twende kwetu Bungoma. Nikamwambia mikono imeisha. Kumbe mikono iko sawa."

Akaigeuza mikono yake, akaitazama mbele na nyuma kana kwamba amerudishiwa. Sijawahi kuona mtu amefurahi hivyo kwa kosa alilofanyiwa. Nami nilishukuru Mungu papo hapo, kwa sauti, kwamba yule mwenye mkokoteni alikuwa mzima mahali fulani akivuta mbao zake. Kisha nikalia, nikamwomba msamaha. Alinisamehe kabla sijamaliza sentensi, lakini mimi nilijua msamaha wa mlangoni kwangu hautoshi, kwa sababu matusi sikuyatoa mlangoni kwangu.

Asubuhi yake nilienda Makadara nikasubiri wateja wajae. Nikasimama mahali pale pale nikasema kwa sauti ile ile kwamba breki za mzee hazikuwa na shida, shida ilikuwa ndoo yangu. Watu walicheka hadi wengine wakashika kiuno. Yule aliyeondoka na gari lake nilimtafuta siku mbili, nikampata akinywa supu Soko la Burma, nikamwambia na yeye. Akarudi. Mzee Wafula alifanya kazi miaka tisa mingine, na zile diski zilidumu hadi nilipoiuza pikapu.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuambia waziwazi. Ukitoka safari na mzigo, acha gari lipoe lenyewe, osha kesho asubuhi. Usukani ukitetemeka ukikanyaga breki, usiongeze sauti ya redio, nenda kwa fundi siku hiyo. Diski ikipita unene wake usibembeleze ichongwe tena, badilisha, na zote mbili, pamoja na pedi zake. Na fundi akikuuliza unalitunzaje gari, mweleze yote, hata lile unalojivunia. Hasa lile unalojivunia. Kabla ya kusema mtu kazi imemshinda, kumbuka anaweza kukuamini.

Leo asubuhi uliponipeleka kanisani nilikaa mbele nikitazama usukani kila ulipokanyaga breki. Haukutikisika. Ulidhani naomba, na kweli nilikuwa naomba. Nimekuwahi kabla diski zako hazijaharibika, na nimefurahi kuliko unavyojua.

Nenda basi. Mungu akutangulie kwenda na akurudishe na mzigo wako salama, wewe na kila anayevuka mbele yako. Akupe fundi mwaminifu kama wangu. Na siku utakayomkosea, akupe mdomo wa kumwomba msamaha mbele ya wale wale waliokusikia ukimtukana.